Doruša chini ya Bendera ya Baba

Kwa ndugu yangu mpenzi Muharem, huko Linz.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namshukuru Mola aliyetubakisha mimi na wewe tukiitana ndugu hadi umri huu. Natumaini barua hii inakukuta na afya, nyonga yako imeunga vizuri, na Mevlida na watoto hawana dhiki. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Safija anakusalimu sana. Miplamu imezaa hadi matawi yanainama, na mvua, alhamdulillahi, imenyesha baada ya dua.

Sasa nikueleze habari ya farasi wako. Uliniandikia majira ya kuchipua kwamba Doruša auzwe kwa yule mnunuzi anayepeleka farasi ng'ambo kuchinjwa, kwa kuwa mnyama aliyekuangusha akakuvunja nyonga mbele ya jamaa zako hafai kulishwa. Mnunuzi alikuja hadi langoni. Nilimwomba asubiri siku ya dua ya mvua ipite. Nikamwambia kuwa Doruša akiweza kushuka ule uwanja wa majani kwa shoti ya taratibu, akiwa na bendera ya marehemu baba, ile nyumba yetu huibeba kila mwaka siku hiyo, bila kuwavamia watu, atabaki nyumbani. Akishindwa, kamba yake nitaikabidhi kwa mkono wangu. Mnunuzi akakubali, nami nikafungwa na ahadi.

Kijijini hapakuwa na mtu aliyetaka kumpanda, kwa hiyo nilimpanda mwenyewe. Jirani yetu Galib alisimama katikati ya uwanja akiwa ameshika kamba ndefu iliyofungwa kwa Doruša, nami nikimzunguka juu ya tandiko. Unamjua Galib na ulimi wake. Siku ya kwanza aliniuliza, "Efendi, ukianguka ukafa, nani atakuswalia? Maana imamu wa hapa ni wewe mwenyewe." Nilimjibu kuwa basi inanipasa nisianguke.

Katika matembezi Doruša alikuwa mpole, na katika mwendo wa kudunda, ulio kati ya kutembea na shoti, pia. Ila nilipomtaka shoti, aliinua kichwa, akakaza mgongo na kufyatuka kama alivyofyatuka nawe. Kwa hiyo tulianza upya. Nilimwomba hatua chache tu za shoti, kisha nikamrudisha kwenye matembezi kabla wazo la kukimbia halijamjia. Kesho yake tukaongeza kidogo. Tuliupanua mduara, tukaiacha kamba, na hatamu zikazidi kuwa ndefu. Nilikuwa nikisoma Yasini kwa sauti, kwa kuwa mtu asomaye hawezi kuzuia pumzi, na farasi huihisi pumzi iliyozuiwa kama sisi tunavyohisi ukuta unaotaka kuanguka. Siku moja alizunguka uwanja mzima shingo ikiwa chini, akikoroma polepole kila hatua, mgongo wake ukipanda na kushuka chini yangu kama kifua cha mtoto aliyelala.

Galib alivua kofia. Akatangaza msikitini kuwa farasi wa Muharem ametulizwa na Kurani. Tangu hapo wanawake wa kijiji cha juu wakawa wananiletea chupa za maji niyasomee, na mzee mmoja alimleta punda wake mbishi. Nilipokataa, walisema ni unyenyekevu.

Siku ya dua ilipofika, Safija aliufunga mti wa bendera kwenye kikuku cha tandiko ninapokanyaga na begani mwangu kwa mkanda wa ngozi. Watu walijaa pande zote mbili, wazee na wenye watoto mabegani. Upepo uliipiga bendera ikalia kama mjeledi juu ya masikio ya Doruša, nami nikaona sikio moja likirudi nyuma kunisikiliza. Nikaendelea kusoma. Alishuka uwanja wote kwa shoti ile ile, hakuongeza wala hakupunguza, akasimama mahali pa kusimama. Mnunuzi alikuwa kando ya uzio. Galib alimwendea akamwambia, "Nenda zako, bwana. Kanunue ng'ombe."

Muharem, jambo lililobaki ni zito, na ninakueleza kwa kuwa sitaki uongo ukae juu ya Kitabu cha Mungu kwa jina langu. Umekwisha kuona kuwa mwandiko huu ni wa Safija. Mikono yangu imeingiwa na maradhi ya kutetemeka, na daktari wa mjini Travnik amesema hayarudi nyuma. Siwezi tena kukaza ngumi. Doruša hakutulizwa na karama yoyote. Nilipompanda, kila alipoanza kukimbia nilitaka kumvuta, na Mungu ni shahidi kwamba ningemvuta kwa nguvu zote kama ulivyomvuta wewe, lakini vidole havikunitii. Akakosa mkono wa kushindana nao, akatulia. Hakuwa na ubaya kwako. Alikuwa akiikimbia lijamu iliyomuumiza kinywa, na kila ulivyoogopa ndivyo ulivyovuta.

Ijumaa iliyopita niliwaeleza haya watu wote msikitini.

Mwakani sitaweza kuibeba bendera ya baba. Nakuomba uje. Mimi nililegeza mkono kwa kulazimika, na sidhani kama nina malipo kwa hilo. Wewe una mkono wenye nguvu, na ukijifunza kuulegeza ungali na nguvu, utakuwa umeweza jambo ambalo mimi sikuliweza. Nitasimama katikati ya uwanja nikuelekeze. Kwa kuelekeza, sauti yangu yatosha.

Wape salamu wote wa nyumba yako, mkubwa kwa mdogo. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na atukutanishe katika heri.

Ni mimi kaka yako,
Hafidh Abdulkerim

Shemeji, haya naongeza mwenyewe, yeye amekwenda kuswali. Siku hizi namfunga vifungo vya shati, na anageuza uso pembeni nisimwone. Usingoje mwakani.
Safija