Viti vya Lelemama

Shoga yangu Mwanamkasi,

Harusi ya mjukuu wako Rukia imekwisha, na nimecheza. Nalisema hili mapema kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kuitafuta habari hiyo. Nimecheza ngoma yetu ya lelemama mstari wa mbele, pahali pako, kama nilivyokuahidi siku ile ulipokuwa kitandani umenishika mkono.

Haikuwa rahisi. Ulipofariki, moyo wangu huu mbovu unaoujua ulizidi kunisumbua. Miguu ikavimba, na mwanangu Seifu akanifanya yai. "Mama, tulia. Mama, usinyanyuke." Hata mbuzi ya kukunia nazi nilinyang'anywa. Kadiri nilivyolala ndivyo nilivyochoka, nikaona ahadi niliyokupa inapotea hivi hivi.

Basi daktari akanambia nimeze vidonge vyangu, nipunguze chumvi, lakini nitembee kila asubuhi. Nikamuuliza, nitajuaje nimezidisha? Akasema, "Bibi, tembea huku unazungumza. Ukishindwa kuzungumza, kaa." Shoga, nilicheka! Katika dawa zote za dunia, mimi nimeandikiwa kupiga domo. Na wewe ulikuwa ukinambia, "Zuhura, mdomo wako utakuja kufa nyuma yako!"

Sasa nizungumze na nani asubuhi yote ile? Nikazungumza na wewe. Natoka hapa mtaani kwetu Mabawa pole pole kuelekea sokoni, nakusimulia nani kaolewa, nani kaachika, papa anauzwaje. Watu wakasema Bi Zuhura kaingiwa na pepo. Seifu akataka kunitafutia mganga. Nikamuuliza, pepo gani huyu anayejua bei ya papa? Pumzi ikarefuka taratibu, mpaka siku moja nikafika sokoni bila kukaa njiani. Nililia mbele ya muuza bamia. Nilitamani sana ungekuwapo siku ile, shoga.

Kwenye harusi vijana walitaka santuri. Rukia akakataa, akasema bibi yake alimuahidi lelemama. Tukajipanga na kanga zetu za sare, shingo na viganja tu, mambo ya watu wazima yasiyotaka haraka. Wapinzani wetu wa ngoma kutoka Pongwe walikuja kututazama, macho kodo. Katikati ya wimbo sauti ikanikatika. Nikamkumbuka daktari, nikavuta kiti nikakaa, lakini mikono sikuiacha. Wenzetu unawajua, hawakukubali nionekane mgonjwa mbele ya Pongwe. Wakavuta viti mmoja mmoja, mstari mzima ukaketi, viganja juu, wimbo haukukatika. Vigelegele vilivyopigwa! Hata Seifu alikuja kunitunza noti, machozi yanamtoka.

Na Pongwe, maskini, wakadhani ni mtindo mpya. Juzi nasikia nao wamecheza wameketi, tena kwa viti vya kuazima! Nimecheka mpaka ikanibidi nikae.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, shoga yangu. Nyumba yako ina furaha, na mimi bado nipo. Kesho asubuhi natoka tena, na kila asubuhi nitakayojaaliwa, na habari zote nitakupa njiani. Nakuahidi. Na ukisikia nimenyamaza ghafla, usikimbilie kunitandikia huko uliko. Nimekaa tu, napumzika.

Shoga yako,
Zuhura