Nyanya Zilizokosa Meli

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kikohozi cha Baba Mdogo kimekwisha. Sisi hatujambo. Chiriku wangu ameota jino la tatu na analijaribia kwenye bega langu. Usingizi nausikia kwa majirani tu.

Umeniandikia kwamba huko ng'ambo rafu za maduka ni tupu, watu wanapanga foleni kutafuta nyanya za kopo. Mama Mdogo, nyanya hizo tunazo sisi. Zimejaa ghala la kiwanda chetu mpaka darini, zina lebo za lugha ya huko, na hazina pa kwenda. Gonjwa limefunga bandari, makontena matupu ya kuzipakia yamekwama nchi za watu. Nyinyi mnayalilia makopo, sisi yanatuziba mlango.

Mwenye kiwanda, tunayemwita Bwana Subiri, safari hii hakusema subiri. Alisema ghala lisipopata nafasi kabla ya mavuno mapya, anafunga moja kwa moja.

Basi sisi wanawake wa kumenya tukaomba tuyauze makopo hapahapa mtaani. Tukakosea, tukayapanga mezani kama yalivyo. Lebo ile nani aisome? Mmoja aliuliza kama ni rangi ya ukuta. Muuza mkaa naye akanicheka, "Dada, gonjwa limetubakiza, nawe umekuja kutumaliza?"

Kesho yake nikabeba jiko. Nikafungua kopo mbele yao, nikapika na kitunguu, nikala. Wakanitazama kana kwamba wanangoja nianguke. Ndipo nikamshusha Chiriku mgongoni, nikapoza kijiko, nikamlisha. Alikidaka kijiko akakataa kukirudisha. Muuza mkaa akasema, "Mama hampi mwanawe sumu. Nipe mawili."

Tangu hapo tunapika kila asubuhi, barakoa usoni, kila mmoja na meza yake mbali na mwenzake. Miguu inawaka moto, lakini makopo yanatoka.

Sasa lile ulilotaka, kwamba niache kazi nikakae kwa Bibi mpaka mambo yatulie. Najua limetoka kwenye mapenzi. Lakini siendi. Kiwanda kikifungwa nitarudia nini? Na Bibi kwa umri ule, nimpelekee gonjwa kama zawadi? Usinikasirikie, wala usitume nauli.

Jana tulimaliza safu za makopo za ukuta mmoja, na dirisha la ghala likaonekana. Bwana Subiri alifuta kioo kwa kiwiko, akachungulia nje kwa muda. Kisha akamwita fundi wa boila ya mvuke tunayopikia nyanya, akamwambia aanze kuisafisha, nyanya mpya shambani zinakaribia kuiva.

Msalimie sana Baba Mdogo, na wale mapacha waambie wanawe mikono hata wakigombana. Mungu awakinge nyote, awape pumzi nyepesi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na nisiyekusikiliza,

Mama Chiriku