Treni Nyekundu ya Mzee

Mkwe wangu,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wanywe kabla ya kwenda shule.

Asubuhi niliona umezisugua treni za kuchezea za bati alizokusanya mzee tangu ujana. Waya wa kusugulia sufuria umekwangua rangi yote. Najua ulitaka azikute ziking'aa akirudi. Ahsante, mama.

~~Usiziguse tena.~~ Siku nyingine zifute kwa kitambaa kikavu tu.

Daktari ameniambia mzee harudi nyumbani. Watoto wasijue kwanza.

Nampelekea huko hospitali ile treni ndogo aliyoiulizia. Macho yake hayaoni tena, atazungusha magurudumu kwa kidole. Akiuliza, nitamwambia bado ni nyekundu. Nawe ukija jioni, sema hivyo hivyo.

Bibi yao