Ananishika Mkono Kwenye Wimbo Tu

Shangazi Miriam, nisaidie kabla sijapasuka, maana hapa Doha sina dada wala mama wa kuniambia kama nimekosea au nimekosewa.

Mimi ni Velma, nafanya kazi ya mapokezi katika kliniki, mume wangu Athanas ni dereva wa hoteli, tunaishi Muaither, na shida yangu ni ule wimbo wa Kiitaliano, ule wa mwanamume na mwanamke wanaoimba kwa kupokezana, najua unaujua kwa sababu siku hizi hakuna asiyeujua, Wafilipino wanauimba, Walebanoni wanauimba, Wanepali wanaupiga mluzi wakingoja basi, na hakuna hata mmoja anayejua Kiitaliano. Sisi tuliuimba kwenye sherehe ya kanisa, Athanas ana sauti nzuri na yangu si mbaya, rafiki yangu Jennifer akaturekodi akaitupa video mtandaoni, na kabla hatujajua kinachoendelea watu wa Brazili na Ugiriki na Polandi wakawa wanatuandikia kwamba hawajawahi kuona mume na mke wanaopendana hivyo. Mkahawa mmoja kule The Pearl, kwenye mtaa wa matajiri, ukatuita, na sasa kila Ijumaa jioni tunaimba pale, wageni wanatoa simu, wanawake wengine wanafuta machozi.

Shangazi, wanalilia kitu ambacho mimi nyumbani sikioni! Kwenye wimbo Athanas ananishika mkono, ananiangalia machoni, halafu tukiingia kwenye gari anawasha redio. Nyumbani ni "chakula kiko wapi" na "nimechoka" na "kesho niko shifti ya asubuhi". Kitu pekee anachonieleza kwa kirefu ni jinsi ninavyotamka vibaya Kiitaliano. Nikimwambia tuongee, ananijibu, "Hebu kwanza turudie ubeti wako wa pili."

Hakuwa hivi. Ramadhani iliyopita mimba yangu iliharibika, ilikuwa ya kwanza, akanipeleka hospitali, akanirudisha, akafua shuka kwa mikono yake, na tangu hapo hajaitaja hata mara moja, na ile video ya Jennifer ilikuja baadaye, kwa hiyo hao watu wa Brazili wanaosifu macho yake hawajui wanaangalia nini, na hata mimi sijui.

Sasa Ijumaa iliyopita meneja akatutambulisha kama mume na mke wanaopendana kuliko wote Doha nzima. Nikaanza kuimba huku nimejaa hasira. Athanas akanishika mkono kama kawaida, akaniangalia kama kawaida, na zamu yangu ilipofika Kiitaliano chote kikanitoka kichwani, nikauondoa mkono wangu nikasema kwenye maikrofoni, kwa Kiswahili, "Athanas, ongea na mimi. Mtoto wetu alikufa, na wewe unaniimbia."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya wimbo! Aliyeelewa ni Kiprop peke yake, mhudumu kutoka kwetu, aliyesimama na sinia lake akaangalia chini. Meneja alipokuja akasema kile kipande kipya cha Kiafrika kimependeza sana, tukiweke kila wiki.

Kwenye gari Athanas alisema neno moja tu: "Umeniaibisha mbele ya Kiprop." Tangu hapo analala kwenye kochi, lakini amemtuma Jennifer aniambie mazoezi yako palepale. Niambie, Shangazi, niende nikaimbe, au nipange nguo zangu nirudi Kakamega?

Velma, Muaither


Velma, pole. Pole ya mtoto kwanza, kwa sababu nimeisoma barua yako yote na sioni mahali ambapo mtu yeyote alikupa pole. Sasa nikugombeze.

Unalalamika kwamba Athanas hajaitaja mimba ile. Wewe umeitaja lini? Kwa maneno yako mwenyewe, uliitamka kwenye maikrofoni, mbele ya watu wanaokula samaki. Kabla ya hapo ulimwambia "tuongee". Mwanamume akisikia "tuongee" bila kuambiwa ni juu ya nini, husikia kesi, na mwenye kesi hukimbia. Wako amekimbilia kwenye wimbo. Anakuangalia pale kwa sababu maneno yameshatungwa na Waitaliano na yeye hadaiwi hata moja. Sidhani macho yale ni ya uongo. Ni ya mtu mwoga.

Na wewe Athanas, maana natumaini utasomewa hii: mkeo amesema mtoto wenu alikufa, na ulichosikia wewe ni Kiprop? Ulifua shuka zile, na nakuheshimu kwa hilo. Lakini mke hawezi kuishi mwaka mzima kwa wema wa siku moja. Ondoka kwenye hilo kochi.

Velma, Kakamega huendi, angalau si kwa hasira hii. Na Ijumaa huimbi. Mpigie meneja wewe mwenyewe, umwambie mmefiwa, mnapumzika. Zaidi ya hapo hayamhusu. Jennifer naye umwambie, kwa upole, aache kubeba ujumbe kati ya watu wanaoishi nyumba moja.

Mkitoka kanisani, mwombe mumeo mtembee kwa miguu, ubavu kwa ubavu. Kutazamana mmetazamana vya kutosha mbele za watu. Anza wewe. Usimwulize swali. Mweleze ulivyoogopa pale hospitali, na ulivyokuwa umempangia huyo mtoto. Kisha nyamaza, na kimya chake usikijaze. Akilia, usimwambie ajikaze. Asipojibu, mtembee tena wiki inayofuata. Akikataa tena, nendeni wote wawili kwa mchungaji, na huko asiseme amechoka.

Halafu mpeni huyo mtoto jina. Hakuzaliwa, najua. Mpeni hivyo hivyo, ili siku mmoja wenu akitaka kumtaja, ajue pa kuanzia.

Shangazi Miriam