Usifunge Tela Kabla ya Kusoma

Gereji kwa Baba,
Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Kama umeyaona maandishi mekundu juu ya bahasha na ukayatii, basi tela limesimama peke yake na pikapu imesimama peke yake, na tunaweza kusalimiana kama watu wa nyumba moja. Kama uliyapuuza ukidhani ni mzaha wangu wa kawaida, weka barua chini, kalifungue, kisha urudi uendelee kusoma. Nitakusubiri hapa hapa.

Haya. Hujambo, Kaka? Wifi hajambo? Watoto wameizoea baridi ya huko juu, au bado wanalala na viatu? Naomba barua hii iwakute wote mkiwa wazima kama mlivyoondoka. Sisi huku tunaendelea vizuri. Goti la Mama limetulia, sasa anapanda ngazi bila kututajia mifupa yake mmoja mmoja. Baba ni mzima na bado anagombana na redio. Mimi afya ninayo, ila usingizi na hamu ya kula vimenihama tangu Jumanne, siku uliyoondoka, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Nimekupigia simu mara ishirini na kitu. Yule mwanamke wa kwenye simu ananijibu kila mara kwamba hupatikani, na nadhani hata yeye amenichoka. Ujumbe nilioandika haujakufikia mpaka sasa. Gari la abiria la kupanda huko ni la Jumatatu. Aliyepo leo ni dereva wa lori la saruji tu, na kiti cha mbele kwake kimeshajaa watu. Nikimaliza nitampa bahasha hii, na kwa mdomo nimeshamwambia kwamba akikukuta umefunga tela, akwambie ulifungue. Nimerudia mara tatu mpaka akaniuliza kama naona ana uziwi. Ameapa kufika kesho Ijumaa, na mwenye tela anakukabidhi Jumamosi. Nimepiga hesabu hiyo tangu alfajiri, na kila mara naona inatosha, halafu naanza upya.

Sasa nikueleze kilichotokea, na nitakueleza kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho nitalia na karatasi yenyewe ni moja.

Unakumbuka ulivyotuletea pikapu ukasema umepata tela la shingo ndefu, lenye kinu na injini yake juu, na unataka kwenda kusaga nafaka kila kijiji. Baba alikwambia tela la namna hiyo halivutwi kwa ndoano ya nyuma ya bampa, linakalia juu ya gari lenyewe, ndani ya bodi. Ukauliza nani ataifanya kazi hiyo. Baba akakohoa akasema yeye atasimamia. Wewe ukasema hapana, utanipa mimi, na Baba akalale. Hujui maneno yale yalinifanya nini, Kaka. Miaka sita nimelala chini ya magari ya watu, na hakuna kazi hata moja niliyoianza na kuimaliza bila Baba kusimama kichwani kwangu akihesabu pumzi zangu.

Nilipima mara nne kabla ya kutoboa. Nikakata tundu katikati ya sakafu ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, pale uzito wa tela unapotakiwa kukaa. Nikapitisha vyuma viwili vinene chini ya bodi kutoka upande huu wa chesisi mpaka upande ule, na katikati yake nikakisimamisha kile kichwa cha chuma cha mviringo ambacho shingo ya tela itakikalia. Hakuna nilipochomelea. Uzito wote unashikwa na boliti nane, nne kila upande. Kazi ilitoka vizuri mpaka niliona aibu kuifunika.

Sheria ya Baba unaijua, japo ulikimbia gereji mapema ukaenda kuuza mahindi. Nati ikishakazwa kwa ile spana ndefu ya kupimia nguvu, mpaka spana ilie, unachukua brashi na kupiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari huo maana yake imekazwa. Baba hazigusi tena nati. Anaingia chini na tochi, anahesabu mistari, akitoka anasema neno moja tu, safi, na gari linaondoka.

Boliti sita zilikuwa rahisi. Mbili, zile za upande wa tangi la mafuta, zimejificha juu yake, na spana ya kawaida haifiki. Zinahitaji ile spana iliyopinda shingo, na siku hiyo ilikuwa imeazimwa na jirani yetu mchomeleaji, mtu wa kuazima kila kitu isipokuwa mke. Nikazishika zile nati mbili kwa vidole, nikazizungusha mpaka zikagoma, nikasema nitazikaza spana ikirudi. Brashi ilikuwa mkononi na rangi ilikuwa inaanza kukauka kwenye kopo. Kwa uvivu wa kutotaka kujipinda chini ya tangi mara mbili, nikapiga mistari yote nane.

Kabla sijatoka chini ya gari ukafika na kreti ya soda. Wakaja majirani, akaja yule mchomeleaji mwenyewe, mikono mitupu. Baba akaingia chini na tochi. Nilisimama pale na chupa mkononi nikimsikia anahesabu, moja mpaka nane, akatoka akajifuta magoti akasema safi. Ndipo wewe ukanishika bega mbele ya watu wote ukasema kwamba kuanzia leo gari lako haligusi fundi mwingine isipokuwa Bisibisi. Walicheka kwa hilo jina, lakini walipiga makofi. Mama alisimama mlangoni akijifanya anatafuta kitu ili tusimwone anavyofuta macho. Nati mbili zikanitoka kichwani kabisa. Nakuapia, usiku ule nilizisahau kweli.

Lakini jana, Kaka, nilifanya jaribio. Nilichukua boliti na nati za ukubwa ule ule, nikazifunga kwa vidole kwenye kipande cha chuma, kipande nikakibana juu ya jenereta, nikaiwasha. Nikafungua soda nikaketi kuangalia. Nilijiambia zikikaa nusu saa nitapumua. Soda ilikuwa haijafika nusu nati ya kwanza ilipoanguka sakafuni. Ya pili sikuisubiri. Nilizima jenereta nikaenda uani nikatapika, na Mama akadhani nina malaria.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiingie chini wewe, tangu uoe tumbo lako halipiti. Aingie wifi, na pikapu iwe kwenye tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Upande wa tangi, juu, atakuta mistari miwili ya rangi. Asiiamini hiyo mistari. Aishike nati kwa mkono. Ikizunguka, au ikiwa haipo kabisa, msiweke nati ya kuokota wala waya, na msimruhusu mtu wa huko akuambieni sita zinatosha. Ukiwa umebeba tani moja na nusu kwenye mteremko ule wenye kona saba, ukikanyaga breki tela linasukuma lote kwenye hivyo vyuma. Upande mmoja ukilegea, vinapinda, na tela likikulalia ubavuni hakuna wa kulishika. Na kiti cha nyuma wanakaa watoto. Sitaki kuliandika hilo lakini nimeliona kila nilipofumba macho, na nimelichoka. Liacheni tela huko. Shukeni na pikapu tupu, polepole, nami nitazikaza kwa mikono yangu, au azikaze Baba.

Sasa limebaki moja, na ndilo zito.

Umenisoma hapo juu nikisema nilisahau. Nilisahau usiku mmoja tu. Asubuhi ya Jumanne, ulipokuwa unarudi kinyumenyume kutoka langoni, yule mchomeleaji alinipitia akanirudishia spana iliyopinda shingo. Aliniwekea mkononi akashukuru. Nikaitazama, nikaitazama pikapu, na nikakumbuka kila kitu pale pale, rangi na vidole na tangi. Ulikuwa mita kumi kutoka nilipokuwa. Nikainua mkono. Ukadhani nakuaga, ukapiga honi, watoto wakanipungia. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kukimbia, hukuwa na mwendo. Lakini majirani walikuwepo, na Baba alikuwepo, na maneno yako ya jana yake yalikuwa bado yapo masikioni mwao. Nikaona haya, Kaka. Nikajiambia unapanda na gari tupu, hakuna uzito, nitakupigia simu ukiwa njiani na tutalimaliza wawili tu bila mtu kujua. Nilisubiri mpaka mchana nipate pahali pa faragha. Nilipopiga ulikuwa umeshapita mwisho wa mtandao. Nililinda sifa yangu ya siku moja nikakuacha uende, wewe na mkeo na watoto wako. Hakuna namna nyingine ya kulisema, nimetafuta.

Leo asubuhi nilimwambia Baba kuhusu nati. Aliniuliza swali moja tu, nilikumbuka lini. Nikamjibu kwamba ni leo, sasa hivi, na kwamba nimekuja kwake mbio. Nilimdanganya nikimtazama usoni. Unajua alifanya nini? Hakunigombeza. Alisema makosa yanamfika kila fundi, na kwamba amenisubiri miaka sita aone kama nitakuwa wa kuficha au wa kusema papo hapo. Akaingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo wa stoo. Ninao mfukoni ninapoandika, unanichoma.

Nimejaribu mara mbili kurudi kwake nimweleze ukweli na mara zote mbili nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Ndiyo maana nakuomba usiichane barua hii wala usiitie moto kwa kunihurumia. Mkirudi salama, mkabidhi Baba aisome mwenyewe, nikiwa nimesimama hapo.

Mpe wifi salamu zangu, na umwombe radhi kwa kumlaza chini ya gari. Watoto waambie shangazi yao anawapenda. Mama anakusalimu sana na anakuagiza usiendeshe kwa kasi, hajui lolote. Baba naye anakusalimu. Anasema usiwe na wasiwasi, dada yako alisema mapema.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi