Kikao cha Kamati ya Mafuriko Kilichohamishiwa kwa Bibi Mshonaji

TAREHE: 9 Machi
MAHALI: Sebuleni kwa Bibi Mshonaji, kwa amri yake
WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (kinyozi), Fundi Bomba, Mama Muuza Mkaa, Bibi Mshonaji (mwalikwa, ingawa nyumba ni yake), Katibu
ASIYEHUDHURIA: Mhazini, bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO
Kikao cha saa 8:00 kilifunguliwa saa 9:50 alasiri. Mwenyekiti alipongeza zoezi la Jumamosi la kukimbilia mlimani, akisema watu wote walifika. Bibi Mshonaji, ambaye miguu haimbebi mwaka wa tatu sasa, alimuuliza kama yeye ni mtu au cherehani.

KUMB. NA. 2/4: BIBI KUACHWA
Bibi alieleza kwamba alikaa mlangoni na mfuko wake magotini, akisikia kipaza sauti kikitangaza kuwa zoezi limefana. Fundi Bomba alisema alidhani Mama Muuza Mkaa amembeba. Mama Muuza Mkaa alidhani Fundi amembeba, "na mgongo wangu mnaujua." Mwenyekiti alikiri kwamba jina la Bibi lilipoitwa, aliitikia yeye, ili orodha isiwe na pengo. Katibu alipinga siku ile na akaambiwa asiharibu shughuli. Hilo naliandika.

KUMB. NA. 3/4: FULANA ZA KAMATI
Mwenyekiti alihamia kwenye rangi ya fulana. Jamani, dakika ishirini. Bibi alisema, "Wanangu, mimi naogopa. Mvua ikianza tu, napapasa godoro nione kama limelowa." Fulana hazikutajwa tena.

KUMB. NA. 4/4: KUBEBWA
Bibi alidai abebwe hapo hapo, kitini, Katibu ashike saa. Ilikubaliwa, kwa kuwa alikuwa ameshavaa viatu. Kiti kilikwama mlangoni. Mwenyekiti alipumzika mara nne, ya kwanza akiwa bado uani. Kufika mlimani: dakika thelathini na nne.

Mwenyekiti alisema si haba kwa kuanzia. Bibi alijibu kwamba mwaka jana maji yalitoka mferejini hadi kitandani kwake kwa dakika kumi na tano. Alipima kwa redio: taarifa ya habari ilikuwa haijaisha.

Iliamuliwa abebwe kila siku saa 10 jioni kuanzia kesho, hadi muda ushuke kufikia dakika kumi. Mwenyekiti atashika mbele.

Kikao kilifungwa mlimani saa 12:05 jioni, wajumbe wakiwa wameketi chini.

Mwenyekiti: ................ (mwandiko umepinda, alisaini juu ya goti; sahihi ni yake)
Katibu: ................