Finjani Ambayo Mama Hakuitikisa

Jumapili, 12 Januari
Chanjo ya mwanangu Hilal leo, kituo cha afya hapa Amerat, Oman. Kalia mpaka kakohoa. Nimechoka, macho yanajifunga yenyewe. Tukingoja zamu, nesi katusimamisha kina mama wote. Chekeni! Nyanyueni mikono miwili! Semeni majina! Ati ndivyo anavyotazamwa mtu kama kapata kiharusi. Uso umekwenda upande, mkono unashuka, ulimi mzito: piga simu ya dharura hapo hapo, usimpe kitu mdomoni. Tulicheka kama watoto wa skuli. Mimi nnawaza usingizi tu.

Jumatano, 15 Januari
Hilal ana homa ya chanjo. Mama mkwe kamchukua, kambembeleza, nikapata kuoga. Nampenda mwanamke huyu. Lakini dawa za presha anaziruka. Nikimwambia: "We nesi wa wapi?" Leo nimesimama mbele yake mpaka kameza.

Ijumaa, 17 Januari
Lazima niandike!
Wanaume wako msikitini. Sisi kahawa na haluwa. Wifi yangu Asya ndiye anayemimina, mdomo umeshughulika na harusi ya jana. Akitosheka mtu huitikisa finjani, ndiyo asimiminiwe tena. Mama mkwe hakuitikisa. Asya kamimina. Kamimina tena. Kahawa ikamwagika kwenye nguo, Mama anaitazama tu.
"Mama leo una kiu ya ngamia!" Asya kacheka.
Nikauona mkono. Unashuka.
Nikapiga magoti. Mama, cheka nikuone. Nusu ya uso ikacheka, nusu ikabaki. Nyanyua mikono. Wa kulia haukwenda. Sema Hilal. Likatoka kama ana tende mdomoni.
Asya kapiga kelele: "Hasadi hii! Jana watu wote macho kwake! Nampigia Maalim amsomee. Lete asali!"
Ilipoletwa, nikamshika mkono wenye kijiko. "Asali haingii, wifi."
"Utanifundisha mimi mama yangu?"
"Leo ndiyo."
Simu ya dharura nimeshapiga. Maalim sikumkataa. Kasoma kwenye simu, tukingoja gari.
Khalfan, mume wangu, kaingia anataka kumpeleka mwenyewe. Nikamwambia hapana, ambulensi ina watu na vifaa, iko njiani. Sijapata kumwambia hapana mbele ya watu. Katoka kuingojea barabarani.
King'ora hicho! Nikalia kwa furaha, wallahi.
Hospitali daktari kauliza imeanza lini. Wote wakatazamana. Nikasema: finjani ya kwanza kaipokea vizuri, adhana inaadhiniwa. Ya pili mkono umeshalegea.
Kasema tumewahi. Wamempiga picha ya kichwa, kisha dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Ya Rabbi.

Jumamosi, 18 Januari
Mama kasema! Kasema "Hilal", na limeeleweka! Nimepiga ukelele wodini, nimekemewa. Asya kanikumbatia mpaka mtandio ukanivuka. Tumelia, tumecheka.

Jumatano, 29 Januari
Mama yuko nyumbani. Dawa anameza mwenyewe, hata sisimami.
Baada ya alasiri nimemmiminia kahawa, kidogo, vuguvugu. Kaishika finjani kwa mkono wa kulia. Kanywa. Kisha vidole vikaanza kuhangaika.
Asya kataka kuipokea. Nikamzuia kwa macho. Nimesimama na dele langu la kahawa, nangoja. Hilal kalala.
Kaitikisa. Mara moja.
Nikaipokea.